Spana Mbili za Kimotho

Mkulima wa kweli akikuta jembe lenye mpini mfupi, huinama zaidi akalima. Asiye mkulima hupewa jembe jipya, akaligeuzageuza mikononi, akaligonga kwa ukucha asikie mlio wa chuma, akauliza kama hakuna jingine, na jua likatua shamba likiwa bado msitu. Ndipo wazee wetu wakatuachia neno: mchagua jembe si mkulima. Hawakusema zana nzuri ni mbaya, la. Walisema kwamba kazi inaweza kumngoja mtu, bali majira hayamngoji. Yaliyompata Kimotho, mume wa Waruguru na baba wa Ciru, huko upande wa Kachibora, yanatosha kuwa ushahidi.

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, kitambo kidogo kutoka sokoni ukiielekea barabara ya Kitale. Shamba lilikuwa bondeni, ng'ambo ya kijito, na njia ya kupanda kutoka huko ilikuwa na kona na mawe. Mwaka huo Mungu alikuwa amewakumbuka watu wake. Mahindi yalizaa hata shina moja likabeba mawili, na sasa yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa makundi makundi shambani ili yakauke, mfano wa watu walioinamiana katika sala. Waruguru alipoyatazama kutoka mlangoni kwa jikoni, alijaa shukrani. Lakini jicho lake lilipogeukia upande wa pili wa ua, shukrani hiyo ilipungua.

Huko, chini ya mparachichi, pikapu yao ilikuwa imekaa juu ya mawe. Boneti ilikuwa wazi na injini imefunuliwa kama chungu kisicho na kifuniko.

Pikapu hiyo haikuwa ya nyumba yao peke yake. Katika kijiji chao watu walivuna kwa kusaidiana, desturi ambayo watu wa kina Kimotho huiita ngwatio, na ambayo majirani zao Wabukusu walikuja nayo pia kutoka kwao. Kila nyumba ilileta ilicho nacho. Mmoja alileta trekta na mashine ya kupukuchua. Nelima, jirani aliyekuwa msimamizi wa kikundi, alileta turubai za kuanikia. Wengine walileta mikono yao. Kimotho alileta pikapu, nayo ndiyo iliyobeba magunia ya kila mtu kutoka shambani hadi ghalani. Mwaka huu pikapu ilikuwa imelala, na majirani walikuwa wakihangaika na punda wa kuazima. Shamba la Waruguru lilikuwa la mwisho katika zamu. Kama zamu hiyo ingefika pikapu ikiwa bado juu ya mawe, mahindi yao yangekaa bondeni yakiingoja mvua, na mahindi hayo ndiyo chakula chao cha mwaka mzima.

Kimotho hakuwa fundi wa kusomea. Alikuwa karani wa stoo katika idara ya maji mjini Bungoma mpaka alipostaafu. Aliporudi shambani aliona haya kukaa bure, akajifunza kuitengeneza pikapu yake mwenyewe, kwa kuwatazama mafundi wa Kitale na kwa kutazama video kwenye simu. Waruguru hakumcheka. Alijua kwamba mwanamume aliyezoea kuitwa huku na huku, siku simu yake inaponyamaza, hutafuta kitu cha kumwita. Pikapu ndiyo iliyomwita.

Safari hii injini ilikuwa imechemka, maji yakaingia kwenye oili mpaka oili ikawa nyeupe kama chai ya maziwa. Kimotho aliifungua hedi, yaani kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini, akaipeleka Kitale ikasawazishwa kwenye mashine, akanunua na gasketi mpya ya kuweka katikati. Hayo yote aliyafanya vizuri, kwa haraka, na Waruguru alijivunia. Kilichobaki ni kuirudisha hedi mahali pake na kukaza bolti zake. Hapo ndipo mguu ulipokwama.

Kwa maana Kimotho alikuwa na kovu. Miaka ya nyuma aliwahi kuzikaza bolti za namna hiyo kwa nguvu za mkono tu, na moja ikakatikia ndani ya injini. Pikapu ilivutwa na ng'ombe kupita katikati ya Kachibora siku ya soko, na wauza viazi wakaipungia mikono kama gari la arusi. Tangu siku hiyo aliapa kwamba hatakaza bolti ya hedi bila spana ya kipimo, ile ambayo mafundi huiita toki. Spana hiyo humwambia mtu nguvu aliyotumia. Bolti ikilegea, maji huvuja, ikizidishwa, hukatika, na zote lazima zikazwe kwa nguvu moja.

Kiapo hicho kilikuwa chema. Shida ni kwamba spana hizo ziko za aina mbili.

Siku waliyokwenda Kitale kununua magunia, Kimotho aliingia katika duka la vipuri la Kiarie, ambaye walijuana tangu zamani. Waruguru alisimama mlangoni na bunda lake la magunia. Kiarie alifungua kisanduku cheusi, akatoa spana iliyong'aa, yenye kioo kidogo kama cha saa.

"Mzee, hii ndiyo ya siku hizi. Dijitali. Unaandika namba yako, unakaza. Ukikaribia inaanza kulia, ukifika inawaka taa nyekundu. Hata mtu wa kwaya, hajawahi kushika spana, anaweza."

"Na betri ikiisha?"

"Unaweka ingine. Kwani tochi yako hukula nini?"

"Tochi ikizima naona giza," Kimotho alisema. "Hii ikizima, nitajua aje kama ilinipa namba ya kweli ama ya kuaga?"

Kiarie alijikuna kidevu. "Basi enda nayo. Ijaribu nyumbani, ukiipenda utaniambia."

Waruguru alishukuru moyoni, akidhani shauri limekwisha. Kesho yake Kimotho alipanda gari la Bungoma.

Alirudi jioni amebeba kitu kilichofungwa katika kitambaa, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Kilikuwa spana ya mkono ya Wabwile, aliyefanya naye kazi stoo, ambaye naye alikuwa akijitengenezea gari lake nyumbani. Haikuwa na kioo wala taa. Mtu huzungusha mpini mpaka kwenye mstari wa namba anayoitaka, kisha hukaza, na ikifika hapo spana hutoa mlio wa ka.

"Wabwile anasema hii ina umri kuliko ndoa ya kijana wake," Kimotho alimwambia mkewe akiifungua. "Na ati haijawahi kuomba betri."

"Si hiyo basi ni nzuri?"

"Ni nzuri. Lakini yeye huiweka ikiwa imekazwa, harudishi mpini chini. Ndani kuna springi, Mama Ciru. Springi ikibanwa mwaka mzima huchoka kama mtu. Inaweza kusema ka kabla ya wakati."

Basi akaziweka zote mbili juu ya benchi yake ya kazi chini ya mparachichi, moja huku, moja huku, akakaa katikati yake kama hakimu. Alisoma simu. Alitazama watu wa nchi za mbali wakibishana juu ya dijitali na ya mkono. Waliosifu ya mkono walimfanya aitazame ya Wabwile kwa mapenzi, na waliosifu dijitali wakamrudisha kwa ya Kiarie. Asubuhi aliamka amechagua moja. Chai ya saa nne ilimkuta amehamia nyingine. Gasketi mpya ilibaki katika karatasi yake.

Waruguru aliendelea na kazi zake. Kila alfajiri kabla ya kukamua alipiga magoti, akamwomba Mungu ampe mumewe ujasiri, kisha akaomba mvua ikae huko iliko kwa siku chache. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Aliona jinsi Kimotho alivyokuwa akiipitia hedi kwa kitambaa safi, kila siku, mahali pale pale.

Siku moja Nelima alikuja, akasimama karibu na pikapu, mikono kiunoni, akasalimu kwa Kibukusu.

"Mulembe, Mama Ciru."

"Mulembe, mama. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kusema mashine inamaliza kwa watu wa chini Jumatatu. Jumanne iko kwenu." Aliitazama pikapu. "Hii ndege yenu itakuwa imeruka?"

"Baba Ciru bado anachagua spana."

"Si nilisikia ako na moja?"

"Sasa ako na mbili."

"Wee. Heri wakati alikuwa hana." Walicheka wote wawili, kicheko cha wanawake waliovuna pamoja miaka mingi. Kisha Nelima akageuka, akaangalia mbali upande wa Mlima Elgon, na kicheko kikamtoka usoni. "Huko kumeanza kujifunika. Na punda wote wa Kachibora wameshikwa, kila mtu ameona hilo wingu. Mwambie mzee tunamtegemea."

Jioni hiyo Waruguru alimpelekea mumewe chai penye benchi, akakaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Baba Ciru, mimi si mtu wa spana. Niambie tu jambo moja. Kati ya hizo mbili, kuna moja haiwezi kukaza?"

"Zote zinaweza."

"Sasa?"

"Hiyo ndiyo shida yenyewe." Kimotho alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Ingekuwa moja haiwezi, ningelala vizuri."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ile siku ya ng'ombe, mama, mimi nilikuwa nimekaa ndani nikishika usukani. Watu walikuwa wananiona."

Waruguru alizitazama zile spana mbili. Alikuwa amedhani mumewe anachagua, kumbe alikuwa anaogopa, na huko kuchagua kulikuwa kichaka cha kujifichia. Neno kali lililokuwa ulimini mwake alilimeza. "Hata hiyo siku," alisema, "tulifika nyumbani." Akachukua kikombe kitupu akarudi jikoni.

Jumapili baada ya ibada, Kimotho aliwaita wenye spana hizo. Wabwile alitoka Bungoma asubuhi sana, amevaa koti la suti na viatu vya kazi. Kiarie alitoka Kitale. Waliposhiba, wakaenda kwenye benchi. Shauri lilikuwa hivi: bolti kuukuu ifungwe kwenye jiriwa, ile ya kubania chuma, ikazwe kwa spana moja mpaka ifike namba fulani, kisha ijaribiwe kwa ile ya pili, ionekane kama zitapatana. Waruguru alikuwa akiosha vyombo karibu, akisikia yote.

"Hakikisha betri imeshiba," Wabwile alimwambia Kiarie. "Isije ikaomba chapati katikati ya kazi."

"Na wewe mwambie babu yako aseme ka kwa nguvu. Sisi wengine hatusikii lugha ya zamani."

"Babu hasemi mara mbili, bana. Kama hukusikia, shauri yako."

Kimotho hakucheka. Aliiweka ya Wabwile kwenye namba, akakaza taratibu, mwili wote ukisikiliza. Ka. Akaichukua ya Kiarie, akaandika namba ile ile, akajaribu. Spana ililia, taa ikawaka, na kioo kikaonyesha tofauti ndogo kama punje ya wimbi. Wakageuza, wakaanza na ya dijitali na kumalizia na ya mkono. Ikawa vivyo hivyo.

"Haya," Wabwile alisema akipangusa mikono. "Mimi na mke wangu hatujawahi kupatana hivyo, na tuna wajukuu. Chukua yoyote, kaza gari."

Kiarie alikubali kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi walikuwa upande mmoja.

Kimotho alikuwa bado ameinamia kile kioo. "Hiyo tofauti," alisema. "Ni nani anadanganya?"

Wenzake walitazamana.

"Mzee Kimotho, hiyo si tofauti. Hiyo ni vumbi," Kiarie alisema.

"Ni ndogo, nakubali. Lakini moja iko juu na moja iko chini. Tungepata ya tatu ingeamua. Kuna mtu huko Suam, karibu na mpaka, nasikia ako nayo."

Waruguru aliacha kuosha sufuria. Alimtazama Wabwile, naye Wabwile akamtazama kwa huruma, akainua mabega. Wageni walikwenda zao, wakaziacha spana zote mbili juu ya benchi, zimetegwa namba moja.

Jumatatu Kimotho alikwenda Suam. Mwenye spana alikuwa amevuka kwenda Uganda, na watu wa nyumba yake wakasema pengine angerudi katikati ya juma. Kimotho alifika nyumbani jua likizama, amechoka, mikono mitupu. Waruguru alimpa maji ya kuoga wala hakumuuliza kitu. Alijua kwamba mtu aliyekwenda Suam na kurudi bila kitu ana maswali ya kutosha.

Jumanne mashine ilishuka bondeni na umande. Trekta ilinguruma, vumbi la magunzi likapanda, na mahindi ya Waruguru yakaanza kumiminika, mazito, meupe kama meno ya mtoto. Magunia yalijaa yakapangwa kando ya kijito. Watu waliimba. Lakini kufikia adhuhuri wimbo ulikuwa umekwisha wenyewe, kwa kuwa Elgon haukuonekana tena, na upepo uliokuja ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa wa mahali pengine.

Mwenye trekta alifunga mashine yake, akasema barabara ikilowa hatatoka, akaondoka. Magunia yakabaki yamejipanga kando ya maji kama watu wanaongoja mashua.

Waruguru alipanda kilima mbio mbio. Alimkuta Kimotho penye benchi. Hedi ilikuwa imekwisha kulazwa juu ya gasketi, bolti zimeingizwa kwa vidole, na spana mbili zilikuwa mbele yake.

"Baba Ciru, mvua."

"Naona." Aligusa moja, akaiacha, akagusa nyingine. "Naona, mama. Yule mtu wa Suam angekuwa amerudi…"

Hakumaliza, wala Waruguru hakungoja amalize. Alishuka tena. Nelima alikuwa tayari amefungua magunia na kuyagawa nusu nusu.

"Pikapu?" Nelima aliuliza.

Waruguru alitikisa kichwa.

"Basi migongo iko." Nelima alichukua kamba, akaufunga mzigo, akaipitisha kamba kwenye paji la uso kama alivyofundishwa na wanawake wa kina Waruguru wenyewe, naye Mbukusu. "Mama Ciru, unainuliwa ama unajiinua?"

Wakaanza kupanda. Wanawake walibeba kwa kamba, wanaume wakasukuma wilbaro zilizokwama kila kona. Njia ilipita uani, kando kabisa ya pikapu, kwa kuwa ghala lilikuwa nyuma yake. Kila aliyepita alimwona Kimotho, na Kimotho alimwona kila aliyepita. Hakuna aliyemtupia neno la lawama. Mmoja alisema "Pole, mzee," akapita, na pole hiyo ilikuwa nzito kuliko gunia.

Waruguru alipanda mara ya kwanza, na ya pili. Magoti yake, ambayo yalikuwa yakimsumbua hata kwenye ngazi za kanisa, yalimwambia aache. Akayaambia yasubiri. Alipokuwa akipita tena uani, tone la kwanza lilianguka mbele yake, kubwa, likatoboa vumbi. La pili likaangukia chuma cha injini iliyo wazi, likalia.

Alisimama. Akautua mzigo wake chini, mahindi ya watoto wake, katika uwanja usio na paa. Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaitandaza juu ya injini ya mumewe, akazipachika ncha zake vizuri ili upepo usiichukue. Kisha akainama, akapitisha kamba kwenye paji la uso, akajiinua na mzigo wake, akaenda.

Kimotho aliitazama leso. Matone yalikuwa yakiingia katika maua yake moja moja. Akamtazama mkewe akizunguka kona ya ghala, mgongo wake umepinda, shingo imejaa mishipa. Kitu fulani ndani yake kilichokuwa kimekazwa kupita kiasi kikaachia.

Alinyoosha mkono kwenye benchi bila kugeuka, akashika kilichokuwa karibu.

Waruguru aliporudi mikono mitupu alikuta turubai imefungwa kutoka tawi hadi tawi, na chini yake mumewe ameinama, akianzia bolti za katikati na kuelekea za pembeni, kama inavyotakiwa, duru ya kwanza kwa wepesi, ya pili kwa nguvu zaidi. Mvua ilikuwa imeshaanza kweli. Ilipiga turubai kwa kishindo kiasi kwamba mtu asingesikia ka wala kengele. Katikati ya duru ya mwisho spana ilimponyoka, ikatumbukia topeni. Hakuinama kuitafuta. Aliichukua ile nyingine, akaendelea.

"Mama Ciru," alisema bila kuinua macho, "shika hapa hii bomba."

Akaishika. Wakafanya kazi wawili, maji yakiwatiririka mashingoni, mpaka mabomba yakarudi mahali pake na maji yakajazwa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama pikapu ilipokohoa, ikatoa moshi, ikanguruma. Wanawake waliokuwa wamejikinga ghalani walipiga vigelegele.

Alishuka bondeni katika utelezi, vijana wakasukuma kila kona, akayaleta magunia yaliyobaki. Lakini yalikuwa yameshalowa mpaka moyoni. Yaliyopanda kwa migongo ya watu yalikuwa makavu ghalani. Yaliyoingoja pikapu yalikuwa mazito kama mawe.

Mvua haikukatika upesi. Waliyaanika mahindi hayo sebuleni, na chumbani, na chini ya kitanda. Kimotho alilala kitini siku hizo, akiamka kuyageuza kwa reki kabla Waruguru hajaamka. Mengine yalipona. Mengine yaliota ukungu wa kijani, na mahindi yenye ukungu hapewi hata kuku. Kimotho alichimba shimo nyuma ya ghala, peke yake, akikataa kusaidiwa. Waruguru alimtazama kutoka mlangoni, akaona jinsi alivyoyamwaga taratibu, kama mtu anayemzika jamaa. Alipomaliza alikuja akasimama mbele yake.

"Ningekaza Jumapili," alisema.

"Ungekaza Jumapili," Waruguru alikubali, kwa kuwa uongo haumfariji mtu mzima. Kisha akampa maji ya kunawa, akamshikia kitambaa.

Baadaye, kijua kiliporudi, Wabwile na Kiarie walikuja kuchukua mali yao. Spana zote mbili zilikuwa zimeoshwa na kupakwa oili, na ile ya Wabwile, Kimotho alikuwa ameirudisha mpini chini ili springi ipumzike. Pikapu ilikuwa mlangoni, imetoka kupeleka magunia ya Nelima mjini Kitale.

"Sasa sema ukweli mbele ya Mama Ciru," Wabwile alianza kabla hata ya kuketi. "Ulitumia ipi?"

"Sema tu ile ya taa," Kiarie alisema. "Huyu mzee amesafiri kutoka Bungoma kuja kuaibika, tusimcheleweshe."

"Nilianza na moja ikaanguka kwa matope, nikamaliza na ingine," Kimotho alisema.

"Ilianza ipi?"

"Sikuangalia."

Walimgeukia Waruguru, aliyekuwa akileta birika. Yeye alikuwa ameona. Aliwatazama wote wawili, wazee wazima wamenyoosha shingo kama bata, akatabasamu. "Mimi nilikuwa nashika bomba," alisema.

Wabwile alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, safari hii kwa upole, "Lakini Kimotho, ukitaka kununua yako mwenyewe, kweli kabisa, utanunua ipi?"

Kimotho alifikiri. Waruguru alilisimamisha birika hewani, akangoja.

"Ile nitakuta dukani siku hiyo," Kimotho alisema.

Waruguru akamimina chai. Hedi ya pikapu haijavuja tone tangu ile jioni ya mvua, iliyokazwa kwa spana yoyote ile, na lile shimo nyuma ya ghala limekwisha kuota nyasi. Ukiviuliza vyote viwili vitakupa jibu moja, kwamba mchagua jembe si mkulima.